Miaka 12 na ODK Collect, mlango kwa mlango kutoka Korogocho hadi Pipeline

Kama unaishi Korogocho, Viwandani, Mukuru ama Pipeline hapa Nairobi basi lazima kuna siku umegongewa mlango na mtu ana beji shingoni na simu mkononi, akakuuliza mko wangapi kwa nyumba, nani amekohoa wiki mbili zilizopita, choo mnatumia na nyumba ngapi. Mimi ni mmoja wa hao watu. Nimekusanya data za utafiti wa afya tangu 2010, na kuanzia 2013 karibu kila mradi nimeingia tumetumia programu ya kujaza dodoso kwa simu, inaitwa ODK Collect, miaka 12 na kitu sai, kwa hivyo nimekaa nayo vya kutosha kusema venye iko. Naipa nyota 4 kwa 5. Hiyo moja imebaki nitasema imeenda wapi.

Lakini huwezi elewa mbona naipenda kama hujawahi beba karatasi. Mradi wangu wa kwanza dodoso moja lilikuwa kurasa 14, na kwa siku unatakiwa ufanye nyumba 8, sasa piga hesabu ya huo mzigo, alafu mvua ya Aprili ikupate huko chini karibu na mto na hakuna mahali pa kujibanza. Jioni unapeleka kwa supavaiza, anapitia ukurasa kwa ukurasa na kalamu nyekundu, akikuta umeruka swali unarudi kesho kutafuta yule mama na pengine ameenda kufua nguo Eastleigh na hujui atarudi saa ngapi. Hapo zinaingia kwa boksi, boksi zinaenda ofisini, kule kuna watu wawili wanaingiza fomu ile ile kwa kompyuta kila mtu kivyake, alafu zinalinganishwa, na pale ambapo mmoja ameandika 3 na mwingine ameandika 8 mtu anarudi tena kutafuta karatasi kwa boksi. Hiyo ni miezi. Kuna wakati tuligundua swali moja la chanjo lilikuwa linaeleweka vibaya na karibu kila mtu amelijibu tofauti, na tuligundua wakati mradi umeshaisha, watoto wameshakua, hakuna pa kurudi. Iliniuma sana manake zile nyumba niliziingia mimi, wale akina mama walinipa saa nzima ya siku yao na walikuwa na kazi.

Sasa ODK. Anayetengeneza fomu anaiandika kwa Excel tu, si lazima awe mtu wa kuandika programu. Kuna safu ya aina ya swali, safu ya maneno ya swali, safu ya kusema hili swali litokee lini, na safu ya kusema jibu gani halikubaliki. Ukishasema nyumba haina mtoto chini ya miaka mitano, maswali yote ya watoto yanapotea, hayakusumbui. Ukiandika mtoto ana miezi 95 na fomu imeambiwa mwisho ni 59, inakataa na kukuambia kwa nini. Na unaweza weka lugha mbili ama tatu kwa fomu moja ukabadilisha katikati ya mahojiano, nimeanza na mtu kwa Kiswahili nikaona hatuelewani nikahamia Kisomali na mwenzangu akaendelea, majibu yakabaki pale pale.

Kitu ambacho kilinifanya niipende kabisa ni siku ya kupima watoto. Kuna ule utepe wa kuzungusha kwa mkono wa juu wa mtoto, wa miezi 6 hadi 59, na ukisoma chini ya sentimita 11.5 huyo mtoto ana utapiamlo mkali, si wa kungoja. Zamani za karatasi nilikuwa naandika namba, naenda nyumba inayofuata. Ndio, tulifundishwa kuangalia, lakini ukiwa nyumba ya saba umechoka, jua ni kali, mtoto analia, namba ni namba. Kwa ODK aliyetengeneza fomu alikuwa ameweka ujumbe, ukiingiza chini ya 11.5 skrini inakuambia simama, mpe mama rufaa leo, andika amepewa saa ngapi. Niliingiza 11.2. Mama mwenyewe alidhani mtoto ni mwembamba tu kama babake. Tulitembea na yeye na mhudumu wa afya ya jamii mpaka kliniki mchana huo huo, na wiki sita baadaye nilipopita hiyo njia mtoto alikuwa amekaa kwa mlango anakula biskuti. Watu wakiongea mambo ya data na teknolojia kwa afya mimi ndio huwa nafikiria hiyo, si roboti, si nini, ni sentensi moja imewekwa mahali inafaa na mtu ambaye alifikiria mbele.

Intaneti si lazima ukiwa fildi. Unadaunlodi fomu asubuhi ukiwa na waifai ya ofisi, unajaza siku nzima bila hata bando ya shilingi 20, zinakaa kwa simu, jioni unatuma zote. Ni ya Android peke yake, hilo ujue mapema, lakini kwa Nairobi hiyo si shida sana. Na ni bure. Ilianza 2008 na watu wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, profesa anaitwa Gaetano Borriello na wanafunzi wake, na kati ya watu wa kwanza kabisa kuitumia kwa kazi kubwa ni hapa kwetu, AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret, walipokuwa wanaenda nyumba kwa nyumba kupima watu HIV magharibi mwa Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni kitu ya wazungu imeletwa ikiwa imeshaiva, mwambie ilikomaa ikitembea kwa matope yetu. KoboCollect ambayo watu wengi wa mashirika wanaitumia pia imejengwa juu ya hii hii, ukijua moja unajua nyingine.

Wenye nyumba pia wamezoea. 2013 nikitoa simu watu walikuwa wanauliza kama nawapiga picha ama nawarekodi. Baada ya sensa ya 2019, ile ya kwanza kufanywa kwa tableti badala ya karatasi, tukahesabiwa 47,564,296, mtu akiona skrini anajua tu ni kazi, anavuta stuli anakuambia keti.

Sasa GPS, ile ya simu kuonyesha uko wapi, hapa nataka kukaa kidogo manake watu wa ofisini wanaiamini kuliko inavyostahili. Unabonyeza, unangoja, na kwa kawaida simu ikifikisha mita 5 za usahihi inachukua yenyewe. Mita 5 kwa Karen ni mtu na geti lake. Mita 5 kwa Korogocho, nyumba za mabati za futi 10 kwa 10 zimeshikana mgongo kwa mgongo, ni milango mitatu ama minne. Na Pipeline ni mbaya zaidi, jengo ni ghorofa saba ama nane, kila floo vyumba vimejipanga kwa kordo yenye giza, GPS inakuambia jengo, haikuambii kama mgonjwa yuko chini ama juu kabisa ambako maji hayafiki. Hiyo tofauti kwa afya ni kubwa sana, mtu wa juu anapandisha mtungi kwa ngazi, anaosha mikono mara ngapi? Ndio maana siku hizi mradi mzuri unaweka swali la floo na namba ya mlango, na hiyo haikutoka kwa kompyuta, ilitoka kwa sisi tuliopotea huko juu tukitafuta nyumba ya jana.

Ni vile vile na ramani za setilaiti. Google walitoa ramani ya majengo ya Afrika 2021, kompyuta imejifunza kuangalia picha za juu na kuchora kila paa, na watafiti wanaitumia kuchagua nyumba za kuhoji pale ambapo hakuna orodha. Kwa kijijini inafanya kazi nzuri sana, paa moja boma moja. Kwetu paa moja lina familia 90. Ukichagua kwa kuhesabu paa utamkosa mtu wa Pipeline na utampata mtu wa Runda, na matokeo yatasema Nairobi iko sawa. Bado lazima mtu atembee ahesabu milango.

Maneno ya swali nayo. Programu itakuletea swali kama lilivyoandikwa, haijui kama limeandikwa vibaya. "Mtoto amekuwa na homa?" Nusu ya watu watajibu kuhusu mafua, kamasi na kupiga chafya, wengine watajibu kuhusu mwili kuwa moto, na wote wamesema ndiyo. Sasa mimi huwa nauliza alikuwa na joto mwilini, naweka mkono kwa shingo yangu mwenyewe nikionyesha. "Kifua" ni vile vile, kwa mtu mmoja ni pumu, kwa mwingine ni TB, kwa mwingine alilala na dirisha wazi. Na hata "nyumba" yenyewe, kwa utafiti tunasema ni watu wanaokula kutoka chungu kimoja, lakini nenda Mukuru ukute vijana wanne kwa chumba, wawili wanapika pamoja, mmoja anakula kibandani, wa nne analala hapo siku za shifti ya usiku tu. Hao ni nyumba ngapi? Nimebishana na hilo zaidi ya miaka 10 na kila mara inabidi nipige simu kwa supavaiza. Kama uko ofisini unatengeneza fomu, tafadhali njoo uisome kwa sauti na watu watano wa mtaa kabla hujaipakia kwa sava, siku moja tu inatosha, itakuokolea miezi.

Kuna sehemu inaitwa rekodi ya ukaguzi, fomu inaweka muda wa kila swali bila wewe kufanya chochote, umefungua saa ngapi, umetoka saa ngapi, umerudi ukabadilisha jibu ama la. Hii imepunguza sana kupika data. Ndio, kupika data kulikuweko na bado kuko, mtu anakaa chini ya mti ama kwa hoteli na chai anajaza fomu sita za watu hajaongea nao. Zamani ilikuwa ngumu kushika, sai ukifanya mahojiano ya dakika 45 kwa dakika 6 inaonekana jioni hiyo hiyo. Nafurahi kwa sababu data ya kupika inaua watu, dawa inapelekwa pasipo ugonjwa. Lakini niseme na upande mwingine, nilifanya kazi kwa mradi mmoja ambapo malipo yalikuwa ya kila fomu, kidogo sana, nauli juu yako, na wenzangu wawili walifutwa kwa sababu ya hiyo rekodi. Walikosea, sitetei. Ila yule aliyepanga hayo malipo hakuulizwa swali hata moja, na rekodi haina mahali pa kuonyesha kwamba mtu alitembea kutoka Dandora kwa miguu.

Baada ya kutuma jioni, kinachofuata ndio kimebadilika zaidi tangu nianze. Kuna dada wa data ofisini ambaye kila asubuhi kabla hatujatoka ana chati kwa skrini ameitengeneza kwa R, programu ya takwimu, nani amefanya ngapi, wapi majibu ya "sijui" yamezidi, swali gani watu wote wanakataa kujibu. Tunarekebisha siku ya pili, si mwaka wa pili. Na kuna kazi moja huwa nzito kwangu, ya kuhoji familia kuhusu mtu aliyekufa. Watu wengi hufia nyumbani bila daktari kuandika alikufa na nini, kwa hivyo baada ya matanga kuisha unaenda pole pole, unaketi na mama ama mke, unauliza alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba miguu, alipumua vipi siku ya mwisho. WHO wana dodoso lao la 2016 na lipo kwa ODK. Zamani majibu yalisomwa na madaktari wawili kila mmoja peke yake na wakitofautiana wa tatu anaitwa, sai kuna programu kama InterVA inapiga hesabu ya uwezekano wa kila chanzo cha kifo kwa sekunde chache. Hivyo ndivyo unaweza kujua watu wa mtaa mzima wanakufa na nini. Naiunga mkono kabisa. Lakini sekunde hizo zinategemea ile saa mbili nimekaa na mtu analia, nikikimbia swali la kupumua kwa sababu naona uchungu, kompyuta haitajua.

Kuna data zingine hazihitaji hata mimi nigonge mlango. Watafiti, akina Amy Wesolowski na Caroline Buckee, walichukua rekodi za laini za simu karibu milioni 15 za Kenya za kutoka Juni 2008 hadi Juni 2009, majina yameondolewa, wakaangalia watu wanasafiri kutoka wapi kwenda wapi na kulinganisha na ramani ya malaria, na 2012 wakaonyesha venye vimelea vinasafiri na watu kutoka upande wa ziwa kuja hadi Nairobi. Ukifikiria ni kitu kila mtu wa Nairobi anajua, mtu ametoka ushago Desemba Januari yuko kitandani, lakini kujua na kuwa na ramani ni vitu viwili. Na 2018 virusi vya polio vilipatikana kwa maji taka ya Eastleigh kabla mtoto yeyote hapo hajapooza, kampeni ya chanjo ikafuata. Hizi zote nazipenda. Ninachokataa ni mtu kuniambia sasa dodoso limekufa. Google walijaribu kukisia mafua ya Marekani kwa kuangalia watu wanatafuta nini kwa intaneti, walianza 2008, wakasifiwa sana, kufikia msimu wa 2012 na 2013 makisio yao yalikuwa zaidi ya mara mbili ya hali halisi, na 2015 wakafunga. Mtu akitafuta "mafua" si lazima anaumwa, pengine amesikia kwa redio.

Siri za watu. Hii lazima niseme kwa sababu ndio swali naulizwa zaidi, shosho mmoja aliniuliza hivi, "Hiyo simu yako ikiibiwa, nani atasoma yangu?" Swali zuri kuliko mengi nimesikia semina. ODK inaweza kufunga fomu kwa usimbaji, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo, ikishakamilika kiasi kwamba hata mimi niliyeijaza siwezi kuifungua tena, lakini lazima mwenye mradi aiwashe, haijiwashi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka hali ya afya ya mtu kwa kundi la data nyeti, na bado nimewahi kuona, kwa mradi ambao sitautaja, orodha ya majina na hali za HIV na alama za GPS ikizunguka kwa kundi la WhatsApp ati ili tugawane kazi. Nilitoka kwa hilo kundi siku hiyo na nikaandika barua. Kabla ujaze fomu ya mtu uliza kama fomu imefungwa, na wewe unayehojiwa uliza pia, ni haki yako, tusikujibu haraka haraka tu eti ni siri.

Kama unaanza nayo, simu ya RAM GB 3 inatosha, pawa benki usitoke bila, weka mipangilio kwa kuskani ile QR ya mradi badala ya kuandika kwa mkono, na usifute programu kabla hujatuma, utapoteza kila kitu. Sava ukiiweka mwenyewe hulipi leseni, ukitaka wakuhifadhie wao unalipa.

Sasa ile nyota moja. Sijaiondoa kwa sababu programu ni mbaya, nimeiondoa kwa sababu tumeijenga hii njia yote iende upande mmoja. Jibu linatoka Korogocho jioni, asubuhi liko kwa chati ofisini, mwaka ujao liko kwa jarida la Uingereza, na yule mama aliyejibu akiniuliza "Sasa mlipata nini?" sina cha kumuonyesha. Watu wanachoka kuhojiwa, na wako sawa kuchoka, kuna nyumba nimeingia ambazo zimehojiwa na miradi minne kwa mwaka.

Mara moja tu tulijaribu. Dada wa data alitoa chati za kijiji kimoja, mimi na wenzangu tukazichora kwa manila 6 na kalamu nene kwa sababu hakukuwa na pesa za kuchapisha, tukaongea na mzee wa kijiji, tukazibandika kwa ukuta wa ukumbi Jumamosi baada ya baraza. Watu walisimama hapo muda mrefu kuliko vile nilitarajia. Shosho yule yule wa simu kuibiwa alifuata mistari na kidole mpaka akapata upande wao, akauliza mbona wa kuhara ni mrefu kuliko wa wale wa ng'ambo ya barabara, na kabla sijajibu jirani yake akasema ni ile paipu ya maji inapita ndani ya mtaro, imepasuka tangu Machi. Wakaanza kuongea wenyewe, nani amelipa, nani aliahidi kuitengeneza. Mzee wa kijiji akatoa simu yake akapiga ile manila picha, akaniomba nishike kona moja isijikunje, akasema Jumatatu anaenda nayo kwa ofisi ya MCA, mwakilishi wa wadi yetu.